Kichwa cha Malaika Chini ya Kitanda

Nunziata Scognamiglio alikuwa mkaanga pizza mlangoni pake, mtaa wa Sanità, Napoli, na mdomo wake haukuwa na breki. Mchokoze kidogo tu, utasimuliwa aibu za ukoo wako hadi kwa babu mzaa babu. Lakini likitajwa jina la Gerardo, aliyekuwa mtunza kanisa, mwanamke huyohuyo aliinamia karai lake akawa bubu. Watu walidhani anamdharau. Wapi!

Mambo yalianza mwaka wa lile tetemeko kubwa la ardhi. Kanisa lilipata ufa, na kwenye pembe ya altare kikang'oka kichwa cha malaika mtoto, cha marumaru, kazi ya mafundi wa kale: mashavu manene, mabawa mawili chini ya kidevu, kiwiliwili hakuna. Wanawake wa mtaa walikuwa wakimshika shavu kila mimba ilipoingia nyumbani. Gerardo alikifunga kichwa kwa shuka, akakiweka sakristia, chumba cha mavazi ya padri, kungoja mafundi.

Wiki hiyohiyo Mena, mkwe wa Nunziata, alishikwa na uchungu, na mtoto akagoma kutoka. Mkunga akaanza kukwepa macho ya watu. Nunziata alikimbilia kanisani, akakuta mlango wa sakristia wazi na hakuna mtu, akakibeba kichwa ndani ya shali, akakisukuma chini ya kitanda cha Mena. Kabla ya jioni mtoto, Sabatino, alilia. Jamani, nani angemlaumu?

Kosa lilikuja baadaye. Alikusudia kukirudisha, lakini wazee wa mtaa waliamini kwamba malaika aliyeleta mtoto akitolewa nyumbani mapema, huondoka naye. Basi akangoja mtoto aote meno. Akangoja atembee. Surua ikaja, akangoja ipite.

Huko nje mtaa ulikwisha kuhukumu. Siku zile vitu vya makanisa vilikuwa vikiuzwa kwa matajiri, na sakristia ilikuwa mikononi mwa Gerardo. Padri hakumshitaki. Alimwomba tu arudishe ufunguo wa kanisa, baada ya misa, mbele ya watu. Nunziata alikuwepo. Alifungua mdomo, akaufunga.

Tangu hapo Gerardo alisukuma mkokoteni wa maboksi, watoto wakimfuata nyuma wakiuliza malaika anauzwa bei gani. Rosalba mkewe akahamishia mto wake jikoni, akawa analala huko. Kila Jumamosi Nunziata alimpelekea Gerardo pizza ya bure, jibini tele, naye aliipokea kwa mikono miwili.

"Mungu akubariki, dada Nunziata," alikuwa akisema. "Mtaa mzima, wewe peke yako ndiye hujanihukumu."

Shukrani ile ilimuunguza kuliko mafuta ya karai. Alirudi nyumbani akijitukana, mwoga mkubwa, mshenzi wee, na Jumamosi ifuatayo akapeleka pizza nyingine.

Sabatino akaota ndevu. Rosalba akafa. Siku ya mazishi shemeji zake Gerardo walimsukuma kando asiguse jeneza, wakamwambia dada yao hatabebwa na mwizi. Nunziata aliyaona kwa macho yake, na hapo woga ukamwisha, umechelewa weee.

Kesho yake karai halikuwashwa. Mchana kweupe alibeba kichwa ndani ya kikapu, akakiweka juu ya meza ya Gerardo, akapiga magoti. Alisema yote bila kujitetea. Akaongeza kwamba anakwenda kwa padri sasa hivi, na Jumapili atasimama kanisani ayaseme mbele ya kila mtu.

Gerardo alimsogeza malaika karibu. Akamfuta vumbi puani kwa kidole.

"Nyanyuka, dada," alisema. "Waambie ukitaka. Lakini mimi nilikuwa najua sikuiba, na hawa wengine wala siwajali. Rosalba ndiye aliyekuwa hajui. Hata pale anakata roho aliniuliza nilimuuzia nani."

"Nisamehe, kaka."

"Ungekuja wiki iliyopita tu," Gerardo alisema, "ungemkuta."