Mashimo Kumi na Matano

Mtaalamu wa udongo alikaa ofisini; aliyechimba alikuwa Ndoo. Jina lake halisi lilibaki kwenye hati ya mshahara tu. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka mashamba ya ukame na pikipiki, ndoo ya plastiki na chuma cha kuchimbulia. Kila shamba lilidai mashimo kumi na matano, kutoka pembe hadi pembe. Udongo wote ulichanganywa kwenye ndoo, ikachotwa nusu kilo, ikapelekwa maabara. Baadaye shamba lilipata rangi yake kwenye ramani kubwa ya ukutani: nyekundu kwa udongo uliochoka, kijani kwa udongo ulioshiba.

Shamba la dada yake mkubwa lilitoka kijani, peke yake katikati ya wekundu. Dada huyo ndiye aliyemlea Ndoo tangu mama yao alipofariki, na kwa ile kijani alitembea kifua mbele mtaa mzima. Aliambiwa mbolea haihitajiki, naye hakuweka hata kijiko.

Ndoo alipokwenda kumsalimia, alikuta mtama umefika magotini na kugoma hapo, majani yake ya zambarau. Aliijua rangi ile: udongo umekosa fosforasi. Ni kwenye kona ya chini tu, lilipokuwa zizi la ng'ombe wa baba yao, ndipo mtama ulipompita mtu kimo.

Akaikumbuka siku ya kuchimba. Jua la saa saba, ardhi kavu, chuma kinadunda. Mashimo mawili aliyatolea jasho. Kumi na matatu yaliyobaki aliyamalizia kwenye lile zizi la zamani, palipokuwa laini kwa samadi ya miaka nenda rudi. Alijiambia udongo ni udongo. Ulikuwa uvivu, wala hauna jina jingine.

Dada hakumshuku hata kidogo. Alijilaumu mwenyewe: alichelewa kupalilia, mbegu aliifukia mno, na umri nao umemtupa mkono.

"Ramani inasema shamba ni zima," alisema, macho chini. "Basi mkulima ndiye aliyechoka. Mwakani namwachia mwingine alime."

Ndoo angeweza kunyamaza. Ramani ilikwishachapwa, na hakuna ambaye angerudi kukagua mashimo. Lakini kumwona mwanamke yule, ambaye hakuwahi kushindwa na jembe, akijiita mchovu kwa sababu yake, kulimfungua kinywa.

"Dada, hujachoka. Shamba ndilo lina njaa. Mimi nilichimba zizini."

Alingoja matusi, tena alijua anayastahili. Badala yake Dada aliifungua ndoo iliyofungwa nyuma ya pikipiki na kwenda kusimama mahali pagumu kuliko pote. Ndoo akamfuata na chuma chake. Alichimba, na Dada akahesabu kwa sauti, vilevile alivyomfundisha kuhesabu utotoni. Kila shimo lilimla nguvu. Walipofika la kumi na tano, nguo zao zilikuwa zimelowa jasho.

"Na kwa wenzangu," Dada akauliza, "ulichimba wapi?"

Ndoo alizitaja nyumba tatu ambako nako alichimba palipo laini tu.

"Ofisini watanifukuza," akasema.

"Huenda." Dada alitazama juu, kisha akamkabidhi ndoo. "Jua bado lipo. Anza na ya jirani."