Kumfuata Elibariki Thelujini

Niliondoka Dar es Salaam kwenda kumchukua mdogo wangu Elibariki, aliyefunikwa na theluji huko Austria. Turubai lilikuwa limeshafungwa uani kwetu Kipawa, akina mama wa jumuiya wanapika, na huko Marangu baba zetu wadogo wameanza kusafisha mahali pa kaburi kihambani, kwenye migomba ya ukoo. Mama, ambaye hakuinuka mkekani tangu simu ilipoingia, aliniambia neno moja tu: "Usirudi bila yeye." Nikaitikia.

Eli alikuwa akiongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Theluji aliijua, au sote tuliamini hivyo. Mgeni wake mmoja wa zamani, Mama Ingrid, alimwalika akaione milima ya kwao wakati wa baridi. Asubuhi ya mwisho alinitumia ujumbe wa sauti, anacheka: "Braza, imeanguka wee, leo kweupe kabisa. Mie nakwenda kuukanyaga mlima." Nimeusikiliza ujumbe huo mpaka nimeuchukia.

Angani. Sisi wa Kipawa tumekulia chini ya ndege. Ikipita, mazungumzo husimama, kisha huendelea. Siku hiyo nilikuwa ndani yake, nikatafuta bati letu dirishani nisilione. Nilivaa koti la kuazima kwa jirani aliyesoma Urusi zamani, linanuka dawa ya mende. Abiria wa pembeni aliniuliza kama naenda kutalii. Nikamwambia ndiyo, maana ukweli ungetuharibia safari sote wawili.

Jioni ya siku ya pili treni ilinishusha kijijini, katikati ya milima myeupe iliyosimama karibu mno. Mama Ingrid alikuwa akiningoja stesheni, mwanamke mrefu wa makamo. Alinishika mikono akasema "pole" kwa Kiswahili alichojifunza kwetu mlimani. Nami nikampa pole. Tukabaki tunapeana hiyo pole, hatuna kingine.

Nyumbani kwake alinieleza. Kila asubuhi nchini mwao hutangazwa hatari ya theluji kuporomoka, kwa ngazi tano. Siku ile ilikuwa ngazi ya nne. Alimwambia Eli asitoke, akaenda kazini. Eli akachungulia nje akaona jua. Hapo nililielewa kosa lake, na ni kosa la mtu wa Kilimanjaro hasa: kwetu siku ya kuogopwa ni ya mawingu na upepo, theluji ikikatika na kukapambazuka kweupe, waongozaji huwaamsha wageni kwa nyimbo. Kule, siku ya kwanza ya jua baada ya theluji nyingi ndiyo inayoua watu. Kifaa kidogo cha kuvaa kifuani, kinachowaelekeza waokoaji ulipofukiwa, alikiacha kimening'inia mlangoni. Mama Ingrid hakuwa amekiondoa.

Asubuhi iliyofuata mkuu wa waokoaji, mzee aitwaye Josef, alitupeleka ukingoni mwa bonde. Ng'ambo ya pili kulikuwa na lundo la mabonge ya theluji, kubwa kupita soko zima, limeganda kama zege. Siku ya tukio waliona nyayo za Eli zikiingia pale, wasizione zikitoka. Nilimwomba mzee twende tukachimbe. Nilianza kwa Kiingereza, nikajikuta namsihi kwa Kiswahili, mwisho kwa Kichaga ambacho hata mimi sikijui vizuri.

Hakukasirika. Alinipeleka kwenye kimteremko kidogo, akachimba shimo na kuukata ukuta wake wima. Tabaka la juu lilikuwa gumu; chini yake kulikuwa na punje zisizoshikana, kama sukari. Akatenga kipande, akaweka koleo juu yake, akaniambia nigonge kwa vidole. Niligonga kidogo tu. Tabaka lote la juu likateleza, likanijia magotini.

"Juu ya mdogo wako bado kuna nyingine kama hii haijashuka," alisema. "Vijana wangu nao wana mama zao. Niambie nimtume yupi."

Bila kugonga kwa mkono wangu mwenyewe, ningemwita mwoga na kumlaani mpaka leo. Alisema Eli ataonekana theluji ikiyeyuka, pengine mwezi wa sita, pengine wa saba.

Nilikaa hadi viza ilipokaribia kwisha. Hatari ilishuka ngazi moja, nikapata tumaini la kijinga, usiku theluji ikaanguka upya. Wazee wakapiga simu kutoka Marangu: wangekata shina la mgomba, walivishe shuti la Eli na kulizika, kama walivyowahi kufanya kwa ndugu yetu aliyepotelea ziwani. Matanga hayawezi kukosa mwisho, walisema.

Kipawa nilifika mchana. Nilimwamkia mama, akaitikia huku akiangalia nyuma yangu. Nilimsimulia yote, shimo, ile sukari, vijana wa watu. Alisikiliza bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ulimkaribia kiasi gani?" aliuliza.

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia, kama kutoka hapa hadi kanisani.

Akageuka. Paa la kanisa linaonekana juu ya ukuta wa jirani. "Pale?"

"Pale, mama."

Nilichojifunza katika safari hii ni elimu ya theluji: inavyolala kwa matabaka, na jinsi jua zuri linavyoweza kuwa adui. Ni elimu ya kweli, na hapa Kipawa haimfai mtu yeyote. Wazee walizika mgomba, tukawaaga waombolezaji na kushusha turubai. Mama hakwenda Marangu. Anasema hawezi kutupia udongo shina la mgomba, wakati mwanawe yuko mahali ambapo ningemwita, akasikia.