Shikamoo Iliyonitaja Jina

Bora nikiri mapema mcheke mmalize: fomu iliandikwa kwa herufi kubwa USIANDIKE JINA, na jina kweli sikuandika, lakini ukumbi mzima ulinijua kabla ya sentensi ya pili.

Kampuni yetu ya kufungasha juisi, hapa Bagamoyo, ni kubwa, ina fulana zilizoandikwa "Sisi ni Familia", na mkuu wa utumishi, Denis (kwa umri mdogo wangu), alishatukataza kumwamkia, eti hapa hakuna mabosi. Basi wakataka maoni ya siri ya sisi vijana kuhusu utamaduni wa kazini (kijana mwenyewe nina miaka thelathini na nne, magoti yanalia). Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu, ulikuwa unaisha mwezi ule, na niliuhitaji kuliko usingizi, maana wazazi walifariki nikiwa darasa la sita na wadogo zangu watatu nimewalea mimi.

"Mwana, weka tiki 'naridhika sana' toka juu hadi chini, twende tukale," akaniambia Zuhura, mwenzangu wa kufunga maboksi.

Ningemsikia! Lakini chini paliachwa nafasi ya maelezo, na marehemu mama alinifunza kwamba barua haianzi bila salamu, nikaandika: "Shikamoo bosi. Sisi hatujambo, hofu ni kwenu." Hapo mkono ukanogewa, nikaeleza kwamba mdogo wangu alipolazwa niliomba ruhusa ya siku mbili, msimamizi akanijibu ndugu hahesabiwi, wanahesabiwa mzazi, mume na mtoto, sasa mimi mzazi sina, mume sina, na watoto nilio nao wanaitwa wadogo zangu, je, familia ya kwenye fulana ni ipi?

Ijumaa tukakusanywa, Denis akasoma maoni kwa sauti. Alipofika "Shikamoo bosi", watu wakaangua kicheko na vichwa vikanigeukia (kiwanda kizima ni mimi tu ninayewaamkia wote, hadi walinzi).

"Marahaba!" Denis naye akacheka. "Nani huyu bado ananizeesha?"

Ningeinamisha kichwa yangepita, lakini wallahi mdomo ulinitangulia.

"Abee, ni mimi bosi."

Nikasimama kabisa, kwa adabu, naye akaendelea kusoma. Kilipofika kile kipande cha msimamizi kicheko kikafa, na msimamizi mwenyewe, kiti cha mbele, akageuka taratibu akanitazama.

"Asante kwa uwazi, Mwanahamisi," akasema Denis akiikunja karatasi. "Sisi ni familia." Wakapiga makofi.

Mwisho wa mwezi majina ya waliopewa mkataba yakabandikwa ukutani. La Zuhura lilikuwepo. Langu nililitafuta toka juu hadi chini, nikarudia, Denis akapita nyuma yangu.

"Pole, Mwana. Orodha anapanga msimamizi."

"Shikamoo," nikamjibu.

"Marahaba," akaitika, akaenda zake.

Nimeapa: nikipata kazi pengine na fomu ikaja, naridhika sana, toka juu hadi chini. Salamu nitawapelekea nyumbani wale watatu wasiohesabiwa.