Moshi wa Ngozi ya Shemeji

Mdogo wangu tunamwita Kipimo, kwa sababu hakutani na mtu bila kumtazama miguu kwanza. Hata mumewe alianza kumtazama kuanzia miguuni. Alipofika usoni alikuwa ameshachoka, ndiyo maana akakubali kuolewa.

Kazi yake ni viatu vya ngozi, vya mtu mmoja mmoja. Unakanyaga karatasi, anapiga picha unyayo wako, kompyuta inachora, halafu mashine ya leza inakata ngozi kwa moto mwembamba kama uzi. Kushona ni kwangu, kwa mkono. Ngozi ni ya ng'ombe wa hapa hapa. Ikikatwa inanuka nywele zilizoungua. Inakera, lakini unaizoea kama unavyomzoea mkwe.

Mwaka huu shule ya watoto wenye miguu iliyopinda iliagiza pea thelathini na mbili. Watoto wale hawana kiatu dukani: huyu kisigino kimepanda juu, yule vidole vimelala ubavu. Kipimo aliwapima mmoja mmoja, akawaahidi kwa kinywa chake kwamba siku ya kufungua shule wote wataingia wamevaa. Tukiwa na pea kumi na tisa, ngozi ikaisha. Mtengenezaji wa ngozi akasema tusubiri mwezi.

Ndipo shemeji, mume wa Kipimo, akaja na bunda begani, jeusi, linang'aa.

"Ngozi hiyo, shemeji. Daraja la kwanza."

"Ng'ombe gani huyu asiye na hata alama moja ya kupe?"

"Alikuwa ng'ombe msafi."

"Basi kakushinda wewe."

Kipimo akacheka, akaanza kukata.

Safari hii moshi haukunuka nywele. Ulikuwa mkali, kama dawa ya kutolea madoa. Siku ya pili macho yakatuwasha. Siku ya tatu nikafungua kopo la sindano, zote zina kutu, na kilikuwa kiangazi kikavu. Nikatazama mkasi: kutu. Reli za mashine: kutu. Na mdogo wangu alikuwa anakohoa kama mtu anayekwangua sufuria.

Fundi aliyetufungia ile mashine alituachia onyo. Ukiitilia ngozi shaka, pasha moto waya wa shaba, uguse ngozi, uurudishe motoni. Moto ukiwa wa kijani, hiyo ni plastiki, na moshi wake ni sumu. Nikafanya hivyo mbele ya Kipimo. Moto ukawaka kijani kama jani.

"Umeona?"

"Nimeona, dada."

"Chuma kimeliwa kwa siku tatu. Kifua chako kigumu kuliko chuma?"

"Zimebaki pea tano. Feni inavuta moshi. Nitafunga na kitambaa puani."

"Kitambaa! Kwani unafagia uwanja?"

"Shule inafunguliwa keshokutwa. Utakwenda wewe kuwaambia hao watano wabaki nyumbani?"

Nikachukua kiatu, nikaendelea kushona.

Asubuhi yake akanituma uzi. Niliporudi nikakuta mlango una komeo kwa ndani, mashine inanguruma. Nikagonga. Akakohoa. Nikamwita kwa jina alilopewa na mama, ambalo hatulitumii ila msibani. Akakohoa tena. Kisha kikohozi kikakoma, mashine haikukoma.

Mimi ni mtu wa haraka. Nilikimbilia swichi kubwa ukutani nje, nikaishusha. Mashine ikanyamaza. Nikajiona mwenye akili. Nilikuwa nimeshapiga hatua tatu kurudi mlangoni nilipokumbuka kwamba feni inakula umeme ule ule.

Badala ya kuirudisha swichi, nikaanza kupiga mlango mabega na kelele. Seremala jirani yetu akaja na mtaimbo. Komeo lile halikuwa la mchezo. Alilitengeneza yeye mwenyewe. Lilipong'oka, moshi ndio uliotangulia kutoka. Mdogo wangu alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea mashine, midomo rangi ya majivu.

Alipona, kama huko ndiko kupona. Daktari alisema kifua hakitarudi kilivyokuwa. Toka kitandani mpaka mlangoni, ambako siku hizi anakaa kupima miguu ya watu, anapumzika mara mbili. Shemeji haniangalii usoni, nami simwangalii.

Jana nilikuwa nashona, seremala amekuja kupimwa viatu. Ndiye aliyeirudisha ile swichi siku ile, akaikuta imeshushwa kwa mkono. Hajawahi kuniuliza kitu.

"Dada," Kipimo akasema, akavuta pumzi. "Siku ile ningemaliza zote." Akavuta nyingine. "Kama si umeme kukatika."

Seremala akanitazama, mguu wake mmoja juu ya karatasi.

"Umeme wetu huu," nikasema, nikakaza uzi.