Shikamoo ya Mkopo

Harufu ya matobolwa ikipanda kutoka kwenye sufuria, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani hadi vikakakamaa kama ngozi, wengine wangemkumbuka mama. Mimi namkumbuka Mzee Kasanda, fundi viatu wa kwetu Itetemia, aliyekuwa akiongea huku amebana misumari midomoni.

"Huyu?" alisema siku baba alipotangaza kwamba naenda shule ya kimataifa. "Akimaliza muhula kule, nalala na mzinga wa nyuki kitandani."

Baba alikuwa seremala. Ndiye aliyetengeneza madawati ya shule ile, na sehemu ya ujira wake ikawa nafasi yangu, muhula mmoja wa majaribio. Mwisho wake ningesoma ukurasa wa Kiingereza mbele ya mkuu wa shule. Nikishindwa, narudi shule yangu ya msingi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Kiingereza changu chote kilikuwa "gudi moningi", niliyoitumia hata jioni.

Majirani waliniazima vifaa, kila kimoja na dharau yake. Mzee Kasanda alitoa viatu vyeusi ambavyo mteja hakuvifuata. "Virudi kabla ya Idi," alisema. "Najua havitachakaa." Shangazi Tatu alitoa begi la mwanawe akanikataza kuandika jina langu ndani. "Wiki mbili tu, jina la nini?" Niliwaitikia "asante" na moyoni nikawaona viroboto.

Ila nisiwadanganye, shule yenyewe nayo ilinichefua. Wanafunzi wote walikuwa ndani ya ua mmoja, kuanzia wa miaka minne wenye makamasi hadi wa kumi na sita wenye ndevu. Tabora hii, mji uliofundisha misafara mizima kusalimiana, mtoto wa miaka saba alimpita kijana mkubwa bila hata kukohoa. Mwalimu walimwita kwa jina lake la kwanza, kama mtu anayeita mbuzi. Saa ya chakula niliwaona vijana wa kidato cha nne wakichoma vipande vya embe kwa uma, na mmoja mwenye mabega ya mpagazi alipanda juu ya dawati la baba yangu akilia kwa sababu ya nyuki mmoja. Mmoja! Kule Ipole, kwa babu yangu mfuga nyuki, wangemtuma huyo nyuki akamwite mwenzake.

Walimu wa shule ya namna hiyo ndio walionipima kusoma, kisha wakanipeleka kwenye vipindi vya kusoma vya watoto wa miaka sita.

Magoti yangu hayakuingia chini ya meza. Jirani yangu alikuwa Rudo, binti wa mtaalamu wa tumbaku kutoka Zimbabwe, mwenye pengo kubwa mdomoni na Kiswahili alichokipata kwa yaya wake.

"Wewe mkubwa hivi, hujui kusoma?" aliniuliza.

"Mkubwa haulizwi hivyo. Niamkie kwanza."

Akatazama mfuko wangu wa shati. "Nikikuamkia, utanipa hicho?"

Kilikuwa kipande cha tobolwa. Hapo tukapatana. Kila asubuhi, kabla ya kipindi, Rudo aliweka mikono yake midogo kichwani kama yaya alivyomfundisha, akasema "shikamoo", nami nikaitikia "marahaba" kwa sauti nzito na kumpa kipande chake. Baada ya hapo alifungua kitabu, akaweka kidole chini ya neno, nikasoma. Nikikosea hakucheka. Alisema neno moja tu, huku akitafuna: "Tena." Nikinong'ona kwa aibu, aliongeza: "Kwa sauti." Wiki nzima tuliganda kwenye ukurasa mmoja wa bata, na kale katoto hakakuchoka.

Siku ya mtihani, mkuu wa shule alinipa kitabu nisichokijua. Kwenye mstari wa tatu neno moja lilinishinda. Jasho likanitoka hadi ndani ya viatu vya watu. Nikaweka kidole chini ya neno, nikajiambia "tena", nikalirudia kwa sauti, likapita, na yaliyobaki yakalifuata.

Jioni ile Itetemia waliuliza nani kanifundisha. Nikajibu, "Nimejifundisha mwenyewe." Jibu hilo nililipenda. Nilikwenda nalo hadi Maskati, nilikofanya kazi miaka tisa na kupata stashahada yangu ya mitambo ya kupoozea. Nilirudi nayo ikiwa kwenye fremu, na hadi leo mtaani kwetu ni mimi peke yangu mwenye karatasi ya namna hiyo ukutani.

Wiki niliyorudi nilikwenda kuwalipa. Shangazi Tatu nilimpa begi jipya lenye jina langu ndani, kwa wino usiofutika. Alilisoma, akalisugua kwa kidole. Mzee Kasanda nilimpa viatu vipya na mzinga niliouagiza Ipole, nikautua kizingitini pake.

"Kitanda kiko wapi, mzee?"

Akauchungulia. "Nyuki wamo?"

"Hawamo."

"Basi nitalala vizuri." Akatoa msumari mdomoni. "Viatu nilikuazima mimi, begi ni Tatu. Na Kiingereza, nani alikuazima?"

Safari hii lile jibu langu la miaka yote nililiona la uongo. Nikawaza shikamoo zile za kila asubuhi. Utotoni nilidhani ni haki yangu, kwa vile nilikuwa mrefu. Kwetu anayeamkiwa darasani ni mwalimu, awe na umri wowote, na muhula mzima mimi nilipokea heshima ya mwalimu wangu nikamlipa kwa viazi.

Rudo hakuwa mbali. Sasa alikuwa akifundisha kwenye shule ileile, darasa lilelile la miaka sita. Nilisimama mlangoni na suti yangu, watoto wakageuka.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema, nusu kwa kunong'ona.

Alinitazama kuanzia viatuni hadi usoni. Kisha akaweka kidole mezani, kama vile kuna neno chini yake.

"Tena," alisema. "Kwa sauti."

Nikaweka mikono kichwani, nikasema tena.