Kahawa Iliyolala na Dagaa

Nakumbuka asubuhi moja pale Mkuyuni, mwanangu, shangazi yangu aliponusa kikombe cha kahawa niliyoikaanga mwenyewe, akakiweka chini bila kunywa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Umenijia na habari za duka la kahawa unalotaka kufungua Buzuruga, na mimi mtu akinitajia kahawa hujisahau. Siku zile hapa Mwanza ukisema kahawa, watu walielewa ile chungu ya vijiweni, kikombe kidogo na kashata pembeni. Sina ubaya nayo, hata leo nainywa. Lakini nilikuwa nimekwenda Karagwe kwenye msiba, nikanyweshwa kahawa na mkulima aliyechuma zile zilizoiva nyekundu tu, akazikausha juu ya vichanja, mbali na vumbi. Niliionja, nikainusa tena. Hakuna aliyetia sukari, lakini utamu ulikuwemo, na kitu kama ganda la chungwa. Nikamuuliza ameweka nini humo. Akasema ameweka kahawa. Nina mvi sasa, na bado sijaacha kuustaajabia mti unaoweza kuficha yote hayo ndani ya punje ngumu kama kokoto.

Nikauza cherehani yangu, kitu pekee kilichonilisha mjini, nikanunua magunia mawili. Yakavuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba. Mahali pa kuyaweka palikuwa kwa shangazi Kokugonza, dada wa baba, aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki. Alikuwa muuza dagaa. Chumba chake cha uani kilijaa viroba vya dagaa wakavu, akavisogeza upande mmoja, akaniambia upande wa pili ni wangu.

Hatukujua, yeye wala mimi, kwamba kahawa mbichi huvuta kila harufu iliyo jirani nayo. Imetulia tu ndani ya gunia, haisemi kitu, kumbe inaisikiliza nyumba nzima.

Wiki ya kwanza nilipokaanga kidogo, niliisikia ile harufu kwa mbali. Ningemwambia shangazi siku hiyohiyo, huenda tungeokoa sehemu kubwa. Nilishindwa. Utamwambiaje mtu aliyekusomesha kwa dagaa kwamba dagaa wake wananuka? Kwetu hilo lingekuwa kumsimanga. Nikanyamaza kwa heshima, nikawa nakaanga nyeusi zaidi na zaidi ili moshi uifunike. Na huku nilikuwa nimeshamwahidi Mzee Jayanti, mwenye duka la vyakula mjini, kwamba Jumamosi nitampelekea aonje. Akiipenda, angeiweka dukani kwake. Akiikataa, sikuwa na cherehani ya kurudia.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo ndipo shangazi alipotaka naye aonje.

"Karibu kahawa, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba." Akanusa, akakiweka kikombe chini, akanitazama. "Hii imelala na dagaa wangu. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ya kwanza. Niliogopa utaona nakusimanga."

Akakisukuma kikombe kando. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Akasema taratibu tu:

"Binti, dagaa wananuka. Harufu hiyo naivaa tangu ujana wangu, na wewe umevaa sare ya shule kwa sababu yake. Ulidhani leo ndiyo naisikia mara ya kwanza? Nyumbani kwa baba yangu Bukoba, kahawa ya kutafuna ya wageni ilikuwa na kikapu chake, na aliyetoka kushika samaki hakukigusa. Mimi nimesahau, na wewe ukaniacha niendelee kusahau. Hiyo siyo heshima. Nenda kamwambie huyo mzee ukweli kabla hajauonja mwenyewe."

Nilikwenda mikono mitupu. Mzee Jayanti alinisikiliza huku akipima mchele wa mteja. Nilipomaliza akasema, "Hata mimi iliki yangu haikai rafu moja na sabuni, dada. Msimu ujao lete nyingine." Akarudi kwenye mizani yake, nami nilitoka pale nikiwa mwepesi kuliko nilivyoingia.

Niliporudi sikuamini macho yangu. Viroba vyote vya dagaa vilikuwa nje uani, chini ya turubai, na masika yalikuwa yameshaanza. Shangazi alikuwa amepiga magoti, anasugua sakafu kwa majivu na ndimu. Kesho yake akapaka kuta chokaa. Chumba chote akanipa mimi, yeye akabaki kuhangaika na turubai na mvua. Nilisimama mlangoni nikaogopa, mwanangu, kama mtu anavyoogopa akiwa kanisani.

Magunia yale tuliyanywa wenyewe nyumbani, shangazi akiiita kahawa ile supu ya Mkuyuni na kuwakaribisha majirani kwa kicheko. Nikauza dagaa pamoja naye mpaka nikaweza kurudi Karagwe. Kahawa ya safari hiyo ndiyo aliyoionja Mzee Jayanti, akafumba macho, akaomba kikombe cha pili.

Lakini kinachonishangaza mpaka leo si hicho. Tangu alipokipaka chokaa, shangazi hakuingia tena chumba kile. Akitoka sokoni na kanga zake zinazonuka dagaa, alisimama nje ya kizingiti, akanyoosha mkono, nami nikampelekea kikombe. Nilimsihi aingie aketi. "Niletee hapahapa," alisema, "nisije nikakuharibia." Alikunywa akiwa amesimama, nje ya chumba alichonipa, mpaka Mungu alipomchukua.

Basi, mwanangu, ninakuasa hivi. Kahawa yako ipe mahali pake, mbali na samaki, sabuni na mafuta ya taa, na uinuse kila siku kabla hujafikiria kumuuzia mtu. Ikiharibika, usiifiche kwa moto. Sema mapema, hata kama wa kuambiwa ndiye aliyekulea. Tena huyo ndiye wa kwanza kuambiwa. Ukimficha mzazi ukweli ukidhani unamheshimu, unamnyima nafasi ya kukusaidia.

Mungu aibariki mikono yako, na pua yako pia. Awape mvua njema wakulima utakaonunua kwao, akupe na wateja wanaorudi. Na kila utakapofungua mlango asubuhi, akukumbushe kutazama ni nani amesimama nje ya kizingiti ili wewe uwe ndani.