Mkate wa Jumapili

Mdogo wangu Nilsa hakuumbiwa siri. Tangu utoto, ukimnong'oneza jambo asubuhi, ikifika saa ya chakula mji wetu mzima wa Adjuntas unalo. Ndiyo maana aliponiambia amepata kazi ya wikendi kwenye nyumba inayowaficha wanawake waliokimbia waume zao, nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Nikamwambia hao watakufukuza kabla kahawa haijapoa. Hawakumfukuza. Alifunga mdomo, akaufunga hata kwangu mimi niliyemwogesha na kumsuka, na mpaka leo sijui nyumba ile ilikuwa mtaa gani.

Siku za kazi alipika kwenye jiko la shule. Ijumaa jioni alichukua begi lake akaenda kuwa mtetezi, ndivyo walivyomwita. Alipokea simu. Alimkalisha mwanamke aliyeingia na watoto na nguo kwenye mfuko wa plastiki, akampa supu kwanza, maswali baadaye. Jumamosi akihitajika alimsindikiza kwa hakimu wa zamu kuomba amri ya kumzuia mume asimsogelee. Jumapili mchana anarudi kwetu, macho mekundu, anasema amechoka kidogo tu.

Maswali yale alijifunzia jikoni kwangu. Mimi nilikuwa mwanamke aliyekimbia, yeye mtetezi. Anakupekua simu? Anakunyima usafiri? Anakufuata unakokwenda? Nikamjibu kwamba marehemu mume wangu hakunifuata hata siku nilizotaka anifuate, na tukacheka sana. Kulikuwa na sentensi moja aliyotakiwa kuijua kwa moyo, ya kumjibu yeyote atakayepiga simu au kubisha hodi akimtafuta mtu: "Siwezi kusema kama yupo, wala siwezi kusema kama hayupo." Hairuhusiwi kuongeza wala kupunguza. Aliirudia mpaka ikamkaa ulimini. Mumewe akiuliza kama wali umebaki, Nilsa anamjibu hivyo hivyo, uso mkavu, na Beto anacheka mpaka anapaliwa.

Basi kicheko cha Beto hakikudumu. Kilichomchoma ni ule utaratibu. Hakuruhusiwa kumpeleka mkewe kazini. Alimwacha kwenye kituo cha mafuta barabara ya kuteremka pwani, na pale Nilsa alichukuliwa na gari jingine. Dereva wake alikuwa doña Provi, mkuu wa nyumba, bibi mwenye miwani mizito na mguu mbovu. Beto alimwona kwa macho yake, akaja kwangu kuniambia huyo bibi ni wa kuchukua tu, swali ni anampeleka kwa nani.

"Shemeji," akaniambia, "ni mke gani wa mtu analala nje wikendi nzima, na mumewe haruhusiwi kujua ni wapi?"

"Mwenye kazi," nikamjibu.

Lakini moyoni nilikuwa upande wake, na sioni haya kusema. Wivu nilikuwa nao mimi pia. Jumapili ni siku ya kula kwa mama, wali na mbaazi, nyama ya nguruwe ya kuchoma, kelele za watu wote kusema kwa pamoja. Kiti cha Nilsa kilikaa kitupu mpaka vyombo vimeshaoshwa. Akifika namweleza habari za goti langu, anatikisa kichwa, lakini masikio yake ameyamaliza huko. Wanawake nisiowajua, wasionijua, wanampata mzima. Mimi dadake napewa ukoko. Niliwachukia wanawake wale kwa dhati, na kila niliposikia kwamba kuna aliyeingia Ijumaa na watoto wawili, nilisema masikini huku roho inaniuma kwa sababu nyingine.

Beto wivu wake ulikuwa na mikono. Ijumaa gari lao likawa na bahati mbaya: mara tairi halina upepo, mara funguo hazionekani, zinaonekana kesho yake juu ya friji. Tulisema ni gari bovu. Nilsa alipiga simu, doña Provi akaja kumchukua hapo hapo kwake. Na ili kumtuliza mume, Jumapili akawa anamletea mkate.

Mkate wenyewe ni ule mrefu wa kuokwa kwa kuni, una majivu kidogo chini na harufu ya moshi. Beto aliupenda tangu enzi zake za kusambaza mikate kwa gari, kabla kampuni haijafa. Nilsa alitoka mara moja Jumapili asubuhi, akanunua, akaufunga kwa taulo ili ufike una joto. Kanuni za nyumba zilikataza kurudi na kitu chochote cha mtaa ule. Hata risiti hairuhusiwi. Nilsa aliona mkate ni mkate tu, na alikuwa anampenda mumewe. Mimi sikuwahi kuletewa hata kipande, nalo lile liliniuma.

Sasa mkate ni mkate tu, hayo mwambie asiyejua mambo ya mikate. Mtu aliyesambaza mikate miaka yote ile anageuza mkate, anautazama tumbo, anakutajia tanuri. Matanuri ya kuni pwani ile yamekwisha, limebaki moja. Beto alikula mkate wa mapenzi kila Jumapili, anatafuna polepole, anamsifu mkewe, na anapiga hesabu.

Akaenda kuazima pikapu ya rafiki yake Toño, ile ya kuuzia vyakula, yenye kipaza sauti juu. Alimwambia Toño mgongo uliomweka nyumbani bila kazi umepona na anataka kujaribu biashara. Muuza ndizi anazunguka mtaa wowote, anapita mara tatu, hakuna anayemtilia shaka. Jumamosi asubuhi alikuwa mtaa wa tanuri, anaendesha mwendo wa jongoo, macho kwenye kila dirisha, anatangaza. Na kweli aliuza. Watu walinunua ndizi mbichi na magimbi kwa mwanamume aliyekuwa anamwinda mkewe.

Wauza vyakula wetu wote wana maneno yale yale, nayo Beto aliyasema kwa sauti yake nene: "Toka nje, mama. Toka, mama, uchague mwenyewe."

Ndani ya nyumba ile alikuwepo mwanamke aliyeingia Ijumaa ile na watoto wake. Nitamwita Marielis, jina lake silijui na Nilsa hatalitaja hata akiwa kaburini. Pikapu ilipopita mara ya kwanza aliacha kijiko. Mara ya pili akawachukua wanawe. Mara ya tatu alikuwa bafuni na watoto, mlango kwa komeo, na sauti ya mwanamume nje inamwambia toka, mama, toka. Nilsa alimsikia anavunja kioo cha dirisha dogo la nyuma. Bafu lile liko ghorofani. Chini ni saruji.

Nilsa aliniambia alikwishaijua sauti tangu mara ya kwanza. Alijidanganya kwamba sauti za wanaume zinafanana. Sasa alisimama kwenye mlango wa bafu, mtoto mdogo analia ndani, na yote aliyofundishwa yakamtoka kichwani.

"Mwanangu, sikiliza," akasema. "Huyo si wako. Ni wangu."

Kisha komeo likafunguka. Marielis alikuwa na damu kiganjani, mtoto kampakata, na alimtazama Nilsa namna ambayo Nilsa mwenyewe huwatazama wanaoingia. Akamuuliza, taratibu kabisa, "Yeye anajua kwamba uko hapa?"

Polisi waliitwa, maana ndiyo kanuni, gari likipita mara ya tatu linaitiwa polisi, na aliyeita ni Nilsa, akataja rangi ya pikapu na jina la dereva. Beto alisimamishwa na ndizi zake. Alisema anauza vyakula, jambo ambalo lilikuwa kweli, wakamwachia. Kabla jua halijazama nyumba ile ilikuwa imekwisha kazi. Nyumba ikishajulikana na mwanamume mmoja haifai tena. Wanawake na watoto walihamishwa, magodoro yakifuata baadaye, na miaka ya siri ikaishia kwenye kipaza sauti cha Toño.

Nilsa mwenyewe alimweleza doña Provi habari za mkate, bila kuulizwa. Alitegemea kugombezwa. Bibi yule alivuta viti viwili, cha anayeuliza na cha anayeulizwa, akamwambia, "Unakaa kipi, mwanangu?"

Nilsa akakaa cha anayeulizwa, pale wanapokaa wanawake waliokimbia. Anakupekua simu? Ndiyo, akilala. Anakunyima usafiri? Akakumbuka matairi, akakumbuka funguo juu ya friji, akasema ndiyo. Anakufuata unakokwenda? Aliniambia hapo ndipo alipolia, kwa sababu alikumbuka tulivyocheka jikoni kwangu.

Doña Provi alimleta kwangu Jumapili, na begi lile lile. Nimempa chumba cha nyuma. Nilitamani wikendi zake, haya, sasa ninazo, na Jumatatu na Jumanne pia. Ameketi na mimi mchana kutwa, ananisikiliza habari za goti, na pikapu yoyote ikipita barabarani ananyamaza mpaka ipotee. Wivu wangu haukuisha, umehama tu. Sasa namwonea wivu yule Nilsa aliyekuwa anachelewa kula.

Jumatano mchana Beto alikuja getini. Kavaa shati la kanisani, kashika mkate mrefu, kaufunga kwa taulo ya Nilsa. Ulikuwa wa moto bado, harufu ilinifikia kibarazani. Akanisalimu kwa heshima, akaomba radhi kwa vurugu, akasema ni mapenzi tu, shemeji unanijua.

"Nataka tu kujua alipo. Yupo?"

Nyuma ya mlango nilisikia kikombe kinawekwa mezani polepole.

"Siwezi kusema kama yupo," nikamwambia, "wala siwezi kusema kama hayupo."

Beto akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha wali uliobaki. Akangoja na mimi nicheke. Sikucheka, na chake kikamwisha mdomoni.

"Shemeji, mimi ni mumewe."

Nikamwambia tena, maneno yale yale, sikuongeza wala sikupunguza.